Kiingereza Alichonifundisha Bibi

Bibi yangu, mama yake mama, hushona kofia. Siku hizi watu wengi hapa Ibra, Oman, wanavaa za mashine, lakini wapo wanaotaka ya mkono, na hao wanaujua mlango wetu. Kofia ya mkono ina vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, safu juu ya safu, na safu moja humchukua Bibi muda wa kuivisha chungu cha wali. Nilipoacha skuli baada ya darasa la sita, safu hizo ndizo zilizokuwa saa zangu za masomo. Safu moja, neno moja la Kiingereza. Yeye anashona, mimi namtungia uzi kwenye sindano, na neno tunalirudia mpaka safu ikamilike. Safu ikifungwa, neno ni langu. Nikilisahau kesho yake, hatuanzi safu mpya.

Skuli niliiacha kwa sababu ya haya. Mwalimu akiniita nisome mbele ya wenzangu, sauti ilikuwa hainitoki. Mwaka ule baba alifariki, na nyumbani hakuna aliyekuwa na nguvu ya kunirudisha. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Basi utasoma hapa. Mie sina darasa la watu arubaini, nina wewe."

Yeye alisoma skuli ya wasichana Unguja mjini, kabla ya mapinduzi, na mwalimu wake alikuwa mwanamke wa Kiingereza aliyekuja kwa baiskeli na kupangusa ubao kwa kitambaa chake mwenyewe. Alipohamia Oman, akiwa tayari ameolewa, mtaa mzima ulimtegemea. Wanawake walimletea visanduku vya dawa awasomee, na barua za watoto waliokwenda kusoma nje, na mara moja kitabu cha mashine ya kufulia, akakisoma chote kwa sauti huku wenyewe wamekaa wanasikiliza kama hadithi. Hakuwahi kufundisha popote, lakini walimwita mwalimu. Mpaka leo wapo wanaomwamkia, "Shikamoo, mwalimu," naye hujibu "Marahaba" bila kupinga.

Maneno aliyonipa yalikuwa na namna yake. Redio ilikuwa "wireless". Gauni lilikuwa "frock". Miwani ilikuwa "spectacles" na duka la dawa lilikuwa "chemist". Wiki mbili zilikuwa "fortnight". Mtu mwenye kizunguzungu alikuwa "giddy". Mtu akikushukuru unamjibu "don't mention it", yaani wema huu usiutaje, na Bibi alinifundisha kulisema huku nimeinamisha kichwa kidogo. Niliyapenda maneno hayo. Sikujua kwamba yana umri. Mtoto hajui kuwa mlango wa kwao ni wa zamani mpaka aingie nyumba ya wengine.

Nyumba ya wengine niliingia nikiwa na miaka kumi na tisa, nilipopata kazi Al Mintirib, kwenye kambi ya watalii iliyo mwanzo wa mchanga wa jangwani. Nilipokea mizigo, nikamimina kahawa, nikatandika vitanda kwenye mahema. Siku tano nilikuwa kule, siku mbili nyumbani. Wiki ya kwanza sikuzungumza na mgeni yeyote zaidi ya salamu. Kisha asubuhi moja mama mmoja wa makamo aliinuka mezani akaiacha miwani yake. Nilimkimbilia nayo, nikamwambia kwamba amesahau "spectacles" zake. Akashukuru. Nikainamisha kichwa, nikasema "don't mention it".

Binti yake akajishika mdomo. Hakuwa akicheka kwa ubaya. Alisema mtu wa mwisho kumsikia akisema hivyo ni babu yake, naye ameshafariki, na akaniomba niseme tena.

Msimamizi wetu wa kambi, ambaye wazee wake walirudi Oman kutoka Bujumbura, alikuwa amesimama karibu na birika.

"Kaka," akaniambia walipoondoka, "hiyo Kiingereza umeitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu."

"Hiyo ni Kiingereza ya kuvalia suti. Mpe bibi salamu, mwambie malkia ameshazikwa."

Akaona nimetazama chini, akapunguza sauti. "Sikiliza. Ni nzuri kabisa. Tatizo ni moja tu, wageni wanakuangalia wewe, hawasikii kile unawaambia."

Kuanzia siku ile nikawa nasikiliza. Miwani sasa ilikuwa "glasses". "Frock" ilikuwa imekufa, watu walivaa "dress". Wiki mbili zilikuwa wiki mbili tu, "two weeks". Aliyeshukuriwa alijibu "no worries", kama vile mwenzake alikuwa na hofu. Kitu kizuri kilikuwa "cool", hata kikiwa chai ya moto. Na msimamizi aliwapokea wageni wote kwa "hi guys", hata wakiwa mabibi watatu wenye fimbo, na mabibi wenyewe walimjibu kwa furaha. Nilikuwa na daftari chini ya mto. Kila siku baada ya kutandika niliandika neno moja au mawili, polepole, na pembeni nikaandika neno la Bibi lililochukuliwa nafasi yake.

Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Bibi alinihoji.

"Haya, wiki hii umesema nini na Wazungu wako?"

"Nimesema 'spectacles', Bibi."

"Wakakuelewa?"

"Wakanielewa."

"Naam. Kitu kilichofundishwa vizuri hakiozi."

Nilikuwa na Kiingereza cha namna mbili, kama mtu mwenye viatu vya kazini na vya nyumbani, na vile vya kazini nilivivua Ijumaa kabla sijafika mlangoni. Niliona kumwambia ni sawa na kumvunjia kitu mkononi.

Mwaka jana macho yake yalianza kufifia. Kwanza vitundu viwili vilikaribiana mno kwenye safu. Kisha safu nzima ikapinda. Bibi alilaumu uzi, akalaumu taa, akalaumu kitambaa cha siku hizi. Mama akasema imetosha, tukaomba miadi kwenye kliniki ya macho, nami nikaomba ruhusa kazini nimpeleke.

Bibi alijitayarisha kwa kliniki ile kama mtu anayekwenda kupokea posa. Alivaa abaya yake nzuri, akajitia udi. Ndani ya gari alikuwa akijisemea maneno yake kwa sauti ndogo. Alikuwa ameyapanga yote tangu alfajiri: kwamba nuru ya macho inampungua, kwamba kwa "fortnight" nzima sasa akiinuka huwa "giddy", na kwamba "spectacles" alizonazo hazimsaidii tena. Sentensi zilikuwa nzuri, zimenyooka kama safu za kofia zake za zamani.

Nesi alikuwa msichana wa kutoka Kerala, wa rika langu, mwenye uso wa furaha. Akatupokea kwa "hi guys". Bibi akageuka nyuma kuangalia wanaume gani wameingia. Kisha akakaa wima, akamwambia habari za asubuhi kwa Kiingereza cha kila neno mahali pake, akaanza sentensi zake. Alifika kwenye "fortnight". Nesi akakunja uso kidogo. Alipofika kwenye "giddy", nesi akanitazama mimi.

Kwetu mtoto hamwachi mzee ahangaike. Mzee akiinuka unamshika mkono. Akitaka maji unayaleta kabla hajamaliza kuomba. Nimelelewa hivyo, na mkono wangu huenda wenyewe kabla sijafikiri. Siku ile ulimi wangu nao ukaenda wenyewe. Nikamwambia nesi, kwa Kiingereza cha kambini, anisamehe, hicho ni Kiingereza cha zamani, bibi yangu anachotaka kusema ni hivi na hivi. Nilimpokonya Bibi maneno kama ninavyompokonya kikapu kizito akitoka sokoni.

Nesi akatabasamu. Aliona amepata msaada. Tangu hapo kila swali likaja kwangu. Ana sukari? Ana presha? Anakunywa dawa gani? Daktari naye akanieleza mimi, akimwonesha Bibi kwa kalamu: jicho la kulia lina mtoto wa jicho aliyekomaa, linahitaji kupasuliwa, na likiachwa miezi mingi huenda lisiokolewe. Akatupa siku, mwezi mmoja mbele. Bibi alikuwa amekaa katikati yetu, mikono yake juu ya mkoba, akitazama ukuta.

Tulipopita mzunguko wa barabara, Bibi akanigeukia ndani ya gari.

"Pale sirudi," akasema.

"Bibi, jicho litapotea."

"Jicho ni langu. Na mdomo ulikuwa wangu."

Nilipofika nyumbani nilimbusu mkono nikaomba radhi. Akaniwekea kiganja kichwani. "Nimekusamehe tangu njiani," akasema. "Lakini kusamehe si kurudi."

Wiki tatu alishikilia neno lake. Mama alimbembeleza kila siku. Alimwambia kazi yenyewe ni dakika chache, kwamba jirani yetu amepasuliwa na sasa anaona mpaka chumvi kwenye wali.

"Mpelekeni msemaji wangu," Bibi akajibu. "Yeye ndiye aliyeulizwa kama ana sukari."

Mama akacheka, kisha akalia. Mimi sikuweza kufanya lolote kati ya hayo. Bibi hakuwa amenikasirikia. Alinitilia chakula, aliniuliza habari za kazi. Ila alikuwa hanihoji tena Ijumaa. Kofia aliyokuwa akiishona ilikaa ndani ya bahasha ya kitambaa, nusu, na sindano imechomekwa palepale alipoishia. Mara moja nilimkuta ameishika karibu na pua, anaipapasa kwa kidole, anahesabu vitundu kwa ngozi. Aliposikia nyayo zangu akairudisha.

Nilifikiri sana namna ya kufanya. Kumweleza maneno mapya yaliyopo ilikuwa ni kumfundisha, na kwetu mtoto hamfundishi mzee, hasa mzee aliyemfundisha yeye kusoma. Kumwomba tena ilikuwa ni kumchosha. Nilichokuwa nacho ni daftari. Ijumaa ya mwisho kabla ya miadi, baada ya chakula, nilikaa mbele yake pale ninapokaa siku zote.

"Bibi, nisikilize somo langu."

"Somo gani? Mie nimeshaacha."

"La kambini. Nimekuwa nikikudanganya."

Akaniangalia kwa lile jicho la kushoto lililo bora. Nikamwambia yote: binti aliyejishika mdomo, msimamizi, maneno niliyoyaacha mlangoni kila Ijumaa. Ilinichukua muda mrefu. Naye hakunimalizia hata sentensi moja.

"Umeficha muda gani?" akauliza.

"Mwaka mmoja na nusu."

"Ukadhani sijui." Alivuta mto, akaegemea. "Mtoto wewe, mie nina televisheni. Nawasikia wasoma habari. Wanazungumza kama watu waliochelewa basi. Maneno yangu nayajua yamezeeka, kwani mie mwenyewe sikuzeeka?"

"Basi kwa nini hukuyabadilisha, Bibi?"

"Nikisema 'fortnight' naliona benchi letu," akasema. "Tulikuwa watano. Mwalimu alitupa neno lile siku ya mvua, bati linapiga kelele, ikabidi tulipigie ukelele ndiyo alisikie. Wawili wameshatangulia mbele ya haki. Mmoja yuko Sur, hanikumbuki tena hata nikikaa ubavuni pake. Mmoja sijui aliko. Ukinambia niseme 'two weeks', benchi nimwachie nani?"

Nilikaa na daftari langu magotini.

"Haya, soma," akasema hatimaye. "Usilisome kwa haya. Lisome."

Nikasoma. "Glasses."

"Gilasi za maji?"

"Za macho, Bibi."

"Na za maji wanaziitaje?"

"Vivyo hivyo."

"Maskini. Nyumba kubwa, sahani moja. Lingine."

"No worries."

"Jibu la nini hilo?"

"La mtu akikushukuru."

"Mie nimemshukuru, hofu imetoka wapi? Lingine."

"Hi guys."

"Hilo nalijua, nililisikia. 'Guys' ni wanaume."

"Zamani. Sasa ni watu wote."

"Hata mie?"

"Hata wewe, Bibi."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa leso, lile zima na lile gonjwa. Mama alitoka jikoni kuangalia kuna nini. "Mama yako ni jamaa," Bibi akamwambia. "Imeshaandikwa kwenye daftari."

Baada ya hapo akauliza, bila kunitazama, kwamba katika hayo yote, ya hospitali ni mangapi. Nikasema hayazidi kumi. Akasema nisome hayo, tena nisome vizuri, kwa sababu matamshi yangu yameharibika tangu nilipokwenda kwenye mchanga. Nikasoma "dizzy". Akaniambia nirudie. Nikasoma "blurry", lile wanalolisema mtu asipoona sawasawa. Akasema hapana, mdomo ufungwe kwanza, hivi, akalisema yeye, mara tatu, kwa mdomo wa mwalimu wake. "Wewe umefundishwa na nani, na ngamia?" Nikalirudia, akalirudia kunisahihisha. Tulifika Alasiri hivyo. Hakuna aliyesema kwamba yeye ndiye anayejifunza. Mimi nilikuwa nahojiwa, kama siku zote, na kila neno alilonisahihisha lilipita mdomoni mwake mara nyingi kuliko mwangu.

Aliposhika fimbo yake kwenda kutawadha, akasimama.

"Nitakwenda," akasema. "Kwa sharti. Wewe utakaa nje."

"Na wakikuuliza jambo usilolijua?"

"Nitawaambia silijui. Mie sioni aibu kutojua. Naona aibu kutoulizwa."

Siku ya miadi nilikaa kwenye kiti cha ukumbini, karibu na mlango ambao haufungi vizuri. Nesi alikuwa yule yule. Alipotuona alinifanyia ishara niingie pia, nikatikisa kichwa. Akasita, kisha akamshika Bibi mkono, wakaingia wawili.

Nilisikia "how are you today". Nikamsikia Bibi akijibu kwamba hajambo, akamuuliza na yeye, akasubiri jibu. Nesi alionekana hakutegemea kuulizwa, alichelewa kidogo, akasema amechoka, tangu usiku yuko zamu. Bibi akampa pole. Kisha akaeleza habari yake. Jicho la kulia ni "blurry". Akiinuka huwa "dizzy". Imeanza zamani, si "two weeks", ni miezi, siku ile ya kwanza alisema vile kwa sababu hakutaka kumtisha mjukuu wake. Hilo sikuwa nalijua. Katika yale niliyomtafsiria nesi mwezi uliopita, hilo halikuwemo, kwa sababu mbele yangu asingelisema.

Maswali yakaendelea. Sukari, hana. Presha, anayo, dawa yake anakunywa asubuhi. Kisha nesi akauliza kuhusu dawa zinazomdhuru, kwa lile neno refu la "allergies", ambalo nilisahau kuliandika kwenye daftari.

Kimya.

Niliinuka nusu. Neno nilikuwa nalo mdomoni, hatua tatu tu na mlango nimeufungua. Nikauona mkono wangu umeshafika kwenye kitasa. Nikaurudisha, nikakaa, nikaiweka mikono yote miwili chini ya mapaja kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwanangu," nikamsikia Bibi, kwa Kiingereza, "neno hilo silijui. Nieleze."

Nesi akamweleza. Alitumia maneno madogo, akamtajia vipele, na kujikuna, na pumzi kubana. Bibi akasema ahaa. Akasema samaki wa aina moja tu, wale wenye magamba makubwa, na dawa moja ya sindano aliyopigwa wakati wa uzazi wa mwisho. Nesi akamwomba arudie hilo la sindano, polepole, na kalamu nikaisikia inaandika. Alimwita daktari. Sauti ya daktari ikauliza jambo, na safari hii sauti iliyojibu ilikuwa ya Bibi. Hata mama hakuwa na habari ya sindano ile.

Waliniletea mkoba wake niushike. Kupitia mlango nikaona wanampa karatasi ya ridhaa, na kisanduku kidogo cha wino, kwa sababu wazee wengi hapa hutia dole gumba. Bibi akakisogeza pembeni kwa ukucha mmoja, akaomba kalamu. Aliandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, akiinamia karatasi karibu sana, na hakuna aliyemharakisha.

Walipomtoa kwa kiti cha magurudumu kumpeleka chumba cha kupasulia, alikuwa amevishwa kofia ya plastiki na joho la kijani. Nesi ndiye aliyesukuma. Walikuwa wakizungumza habari za mama yake nesi, aliye Kerala, naye anashona. Nikasimama, nikambusu Bibi mkono.

"Wamesema nini, Bibi?" nikauliza.

"Mengi," akasema. "Wewe kaa hapo hapo. Nikitoka nitakutafsiria."